Pumzi ya Shangazi Damari

Sifa na shukrani zimrudie Mungu, aliyetupulizia pumzi bila kutuuliza kwanza tuna uzito gani. Amenivusha miaka ya njaa na miaka ya shibe, akaniachia meno machache ya kutafunia na akili ya kutosha kukumbuka. Na atukuzwe hata katika hili ninalotaka kulisimulia, ingawa mimi mwenyewe halinipi sifa yoyote.

Nakumbuka siku moja ya kupura uwele, nyumbani kwetu upande wa Mtera, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na minane. Wanawake walikuwa wamesimama mistari miwili wakitazamana, kila mmoja na fimbo yake, wakiyapiga masuke kwa zamu na kuimba. Makapi yalipaa kama moshi. Shangazi Damari, dada wa baba yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, alikaa pembeni, upande unakotokea upepo, kwa sababu ya pumu yake. Hakuweza kupura, lakini hakukubali kubaki ndani wenzake wakifanya kazi. Aliimba nao akiwa amekaa.

Asubuhi ile mama mmoja alinishika shavu mbele ya watu wote. "Eh, mwanetu umenawiri! Shangazi anakulisha nini?"

Shangazi akacheka. "Mlenda tu, na neema ya Mungu."

Mimi nikatazama chini kama msichana mwenye adabu. Haikuwa adabu, mwanangu.

Kabla jua halijafika utosini, upepo ukageuka. Wenyeji wa nyanda zetu mnaujua upepo huu, hauombi ruhusa. Lile wingu la makapi likamwangukia Shangazi. Akakohoa, akanyamaza, kisha kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Fimbo zikasimama. Akaninyooshea mkono, akasema kwa shida, "Kopo, mwanangu. Niletee kopo."

Kopo hilo lilikuwa la maziwa ya unga, na ndani yake aliweka vidonge vyeupe vidogo alivyopewa na hospitali ya misheni. Nilikimbia kuelekea nyumbani. Nilikimbia, mwanangu, huku nikijua. Vidonge viwili vya mwisho nilikuwa nimevimeza mimi alfajiri ile ile.

Ngoja nikueleze jambo hili lilianzaje, maana dhambi haiingii nyumbani kwa kuvunja mlango, huingia kama mgeni aliyekaribishwa. Mwaka uliotangulia mvua zilikataa. Huku kwetu mtu mwembamba alionekana ametoka nyumba isiyo na ghala, na wembamba ulikuwa aibu ya ukoo mzima. Mimi nilikuwa mwembamba tangu kuzaliwa. Wenzangu wa kwaya waliniita Ufito, kama zile fito tunazoezekea nyumba za tembe. Na katika duka la kijijini ilitundikwa kalenda yenye picha ya mwimbaji wa mjini, mashavu yake yamejaa yaking'aa kana kwamba yamepakwa samli. Tulifunga vilemba kama yeye. Tulitembea kama yeye, nami niliyekosa cha kutikisa nilitikisa hivyo hivyo.

Kisha Raheli, rafiki yangu, akaninong'oneza wakati wa mazoezi ya kwaya. "Unadhani yule ananenepa kwa ugali? Kuna vidonge vyeupe, wanapewa wenye pumu. Dada yangu aliye mjini anavijua. Wiki chache tu, uso unakuwa mviringo kama mwezi."

"Shangazi anavyo," nikasema.

"Basi unangoja nini, Ufito? Sikukuu ya mavuno hiyo inakuja. Unataka tena kusimama mstari wa nyuma?"

Nikaanza na kimoja. Baadaye viwili kila siku. Shangazi alipoona vinapungua upesi, unajua alifanya nini? Alijishuku yeye. Alimwambia baba, "Uzee umenianza. Nadhani nameza mara mbili kisha nasahau." Na ili vifike mwisho wa mwezi, akaanza kumeza siku moja na kuruka siku ya pili. Nilimsikia akisema hivyo, nimebeba ndoo mlangoni, nami nikaenda kisimani. Uso wangu ukaendelea kujaa.

Siku ile ya kupura, niliporudi na kopo tupu, walimlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe wakampeleka misheni. Nilitembea pembeni mwendo wote nikimpepea kwa upande wa khanga. Macho yake yalikuwa wazi, yakinitazama. Kila jiwe tulilopita nilisema moyoni, Bwana, mrudishie pumzi, mrudishie, na hizi nyama zichukue.

Mungu akamrudishia. Siku ya tatu alipoweza kukaa kitandani, nikapiga magoti na kumwambia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza, akaweka kiganja chake kwenye shavu langu, pale pale aliponishika yule mama.

"Nimeitafuta pumzi yangu kifuani siku zote hizi," akasema. "Kumbe iko hapa."

Nimepigwa fimbo katika maisha yangu, nimekaripiwa na mchungaji, nimesemwa na mume. Hakuna kilichonichoma kama kile kiganja.

Aliporudi nyumbani na kopo lililojazwa upya, aliniita mbele ya baba, akanikabidhi. "Kuanzia leo mtunza kopo ni wewe. Ukifika wakati utaniletea dawa na maji."

Baba, aliyekwisha kuambiwa yote, akaruka. "Dada! Unampa fisi mbuzi alinde?"

"Fisi aliyeona aibu hulinda kuliko mbwa," akasema. Na mpaka Bwana alipomwita, miaka mingi baadaye, hakuhesabu tena vidonge vile hata siku moja. Nilivihesabu mimi.

Mashavu yangu? Yalikwisha. Nami niliugua, maana mwili uliodanganywa na dawa hukudai ukiiacha ghafla. Magoti yalinilegea, nikashindwa hata kubeba ndoo. Sikukuu ya mavuno nilisimama mstari wa nyuma. Raheli akageuka akanikonyeza, "Ufito umerudi!" Nikaimba kwa sauti kuliko miaka yote.

Mwanangu, nilidhani kisa hiki nitazikwa nacho. Lakini mwaka huu mambo yamenirudia, na tangu yaliporudi sijatulia. Nasali, nanyanyuka kabla ya Amina. Natia chumvi kwenye mboga, nasahau, natia tena.

Naishi mtaa wa Miyuji na mjukuu wangu Nyemo, anayefanya kazi ofisini hapa mjini. Ni binti wa umbo la kujaa, kicheko chake hutangulia kuingia ndani kabla yake. Mungu akijalia ataolewa, na sherehe yake ya send-off inakaribia. Siku moja nilifungua friji kutafuta maziwa ya mgando, nikaona kitu kama kalamu nene kimelala karibu na bakuli la mlenda.

"Nyemo, siku hizi mnagandisha kalamu?"

Alitoka chumbani mbio. "Bibi! Usiguse, please. Ni sindano. Ya kupunguza mwili."

"Daktari gani amekuandikia?"

"Hakuna kuandikiwa siku hizi, Bibi. Kuna dada anazileta, unamtumia tu meseji mnakutana Msalato. Kila mtu anachoma." Akanionyesha kwenye simu msanii mmoja wa kike, jana mnene, leo kiuno cha nyigu, chini yake watu wamejaza mioyo myekundu. "Unamwona? Na gauni langu limeshashonwa. Size ndogo. Siwezi kurudi nyuma."

"Gauni limetangulia, mwili utafuata?"

Akacheka, akanibusu kichwani, akaenda kazini. Nami nikabaki nimeshika mlango wa friji mpaka ukaanza kulia.

Zile kalenda hazikwisha, mwanangu, zimehamia mfukoni, na sasa zinafuata mtu hadi kitandani. Sisi tulikimbilia unene, nyinyi mnaukimbia, na njiani tumepishana bila kusalimiana.

Wiki zikaenda. Nyemo alinipikia, akanipakulia, yeye akakaa akizungusha tonge kidoleni. Nilimsikia bafuni akitapika, amefungulia bomba ili nisisikie. Kanisani, wimbo wa kusimama, yeye akawa anakaa. Na Jumapili moja mke wa mchungaji akamshika mkono mlangoni: "Nyemo umependeza! Umepungua! Unatumia nini?" Nyemo akatazama chini, nami nililijua lile tazamo. Nilikuwa nimelivaa.

Ningesema siku ile ile. Sikusema, nilikuwa na aibu. Mzee naye hupenda mjukuu amwone amezaliwa na busara zake zote. Nikangoja, na kungoja kwangu ndiko kulikokaribia kutugharimu.

Jumamosi mchana alikuwa anapiga pasi. Nilimwona anashika meza, kisha anaikosa. Nilimdaka kabla hajafika chini, mimi bibi kizee, na kilichonitisha ni kwamba niliweza. Nikamkalisha, nikampa maji kidogo kidogo, nikasema, "Leo hutaniita mshamba mpaka nimalize."

Nikamsimulia niliyokusimulia wewe. Nilipofika kwenye kiganja cha Shangazi, akaweka mkono wake mwenyewe shavuni, palipokuwa pamebonyea.

"Lakini Bibi, mimi sijamwibia mtu," akasema polepole. "Nimenunua."

"Hujamwibia mtu mwingine," nikasema. "Kliniki ya sukari ninakohudhuria wako wagonjwa walioandikiwa dawa za namna hiyo ili sukari ishuke. Kwao ni baraka. Wewe hukuwa na ugonjwa. Kopo uliloliibia ni lako mwenyewe."

Nikaenda kwenye sanduku langu, nikatoa kopo la Shangazi Damari. Limeota kutu ukingoni, picha imefutika, lakini kifuniko bado kinakaza. Nikaliweka mapajani mwake. "Weka sindano humo. Jumatatu hospitali iko wazi. Sitakufuata na sitakukagua. Mtunza kopo ni wewe."

Jumapili yote lile kopo lilikaa ndani ya friji. Nilifungua friji nikachukua maziwa. Nikafungua tena nikayarudisha. Nikafungua mara ya tatu bila sababu. Mkono uliniwasha, mwanangu. Ningelitikisa kidogo tu, ningejua kama sindano imo au imeshaingia mwilini mwake. Ndipo nikaelewa kitu ambacho sikukielewa miaka yote ile: kwamba Shangazi naye alikuwa anawashwa. Nilidhani kutohesabu kwake kulikuwa kwepesi kwa kuwa alikuwa mtakatifu. Kumbe kila siku alikuwa anauzuia mkono wake.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mezani nimeshika Biblia bila kuisoma. Nyemo akatoka chumbani. Hakuvaa nguo za ofisini. Alilikumbatia kopo kifuani kwa mikono miwili, kama mtoto anayepeleka sadaka.

"Bibi, utanisindikiza? Naogopa kumwambia daktari peke yangu."

Nikavaa kitenge changu nje ndani. Tuligundua tukiwa tayari kwenye foleni.

Daktari hakumgombeza. Aliichukua sindano, akaigeuzageuza, akasema hata yeye hawezi kuapa kilichomo, maana haijulikani imetoka wapi wala imehifadhiwa vipi njiani. Akampima, akamwambia arudi tena, na kwamba kama siku moja mwili wake utahitaji kupungua kwa ajili ya afya, watalizungumza kwa vipimo. Na lile gauni nalo tulilipeleka. Fundi aliligeuza, akatuonyesha ndani. Alikuwa ameacha kitambaa cha akiba kwenye kila mshono. "Mimi huwa nawaachia tu," akasema. "Mabibi harusi hamtabiriki."

Sikudanganyi kwamba yote yamekwisha. Bado namwona akisimama mbele ya kioo kwa ubavu, akijivuta tumbo. Bado simu inamletea yule msanii. Jana alikula matonge saba, nami nilijifanya sihesabu.

Basi sikia, wewe unayenisoma, uwe ni mwili mwembamba unaouonea aibu au ni mnene. Dawa ina mwenyewe, naye ni mgonjwa. Mkono wa kuitoa ni wa daktari, si wa mtu wa kukutana naye njiani. Usimeze wala usichome kitu kwa sababu ya picha. Huyo unayemwiga hukuwahi kumwona akitapika, wala hakukuahidi kukudaka ukianguka. Wahenga wana neno kali kuhusu aliyemwiga tembo. Sitalimalizia, nimetoka kanisani sasa hivi. Ukitaka kupungua, au kuongezeka, nenda hospitali mchana kweupe, mwambie na mtu wa nyumbani kwako. Kinachofanywa huku bomba likifunguliwa ili watu wasisikie, kiogope. Ikiwa kuna kitu cha kubana au kuachia, iwe nguo kwanza, si mwili. Na nyinyi mnaosifu, sifieni kwa kiasi. Kabla hujamwambia mtu kwamba amependeza, mwulize kama amekula.

Na wazee wenzangu, tusione aibu kusimulia tulipoanguka. Mimi nilichelewa wiki kadhaa kwa kulinda jina langu.

Bwana aliyemrudishia Shangazi Damari pumzi katika mkokoteni wa ng'ombe, akulinde na wewe, mwanangu. Akupe mwili wa kukutosha kazi na kukutosha furaha, akupe macho ya kuuona kuwa ni kazi ya mikono yake, akupe na mtu wa kukudaka. Upepo ukigeuka, kopo lako likutwe limejaa. Amina.