Kukonda kwa Makusudi

Nilirudi Kisumu kutoka Doha na diploma ya mitambo ya baridi na kitambi. Diploma hakuna aliyeiulizia. Kitambi kilisifiwa mtaa mzima wa Manyatta: "Huyu sasa ni mtu." Vyumba vya kuhifadhia samaki kule Usenge nimevijenga mimi, bila mjomba serikalini, lakini nikipita watu huangalia tumbo.

Kisha moyo ukanilaza hospitalini. Daktari alinipa dawa, akaniambia tena nipunguze uzito, na kila Jumatano nionane na mshauri wa saikolojia. Nikawaka. Kichwa kilichosoma michoro ya umeme ya Wajapani kina kasoro gani?

"Ulishaambiwa upunguze chakula, Bwana," alisema daktari, "ukaongeza. Nenda ukajue kwa nini."

Mshauri, mama wa makamo, aliniuliza nafanya nini kifua kikinitisha. Nakula, nikasema. Akauliza kwa nini chakula, nikamwambia: baba yangu alikonda, tukamzika. Utotoni mwangu, kwetu, aliyekonda hakurudi kunenepa.

Nilianza kupungua. Kosa langu lilikuwa kusema mtaani kwamba naenda ushauri. Kwetu neno hilo lina chumba kimoja tu, kile unachoingia kabla ya kuambiwa majibu ya damu. Suruali zilipoanza kulegea, mama anayeuza mboga langoni aliniita pembeni.

"Pole, Baba. Dawa ziko. Watu wanaishi."

"Mama, ni moyo."

"Ndiyo. Wengi husema ni moyo."

Hasira ilinipanda hadi nikahisi mapigo masikioni, jambo nililokatazwa. Nilipokuwa najiua kwa mafuta walinipigia makofi. Sasa najiponya, wananipangia matanga. Na hata ningekuwa na virusi vya UKIMWI, ingewahusu nini?

Habari zilifika nyumbani kwetu Sondu. Mama yangu akaja na jogoo, akampika, akaniwekea meza nje barazani na ugali mrefu kama kichuguu.

"Kula hapa, wakuone."

"Mama, chakula hiki kitaniua."

"Baba yako pia alikataa chakula," alisema, na mkono wake ukabaki juu ya sahani.

Sikula. Sikumfokea pia, ingawa maneno nilikuwa nayo. Jumatano nilimpeleka kwa mshauri. Akaulizwa anaona nini akiniangalia. Alikunja leso yake.

"Namwona marehemu," alisema. "Ile suruali inavyoning'inia."

Mshauri alimweleza kuhusu moyo, polepole, kwa Kijaluo, na mama akauliza maswali magumu kuliko yangu. Mwishowe akauliza kama samaki wa kuchemsha anaruhusiwa.

Tuliporudi, mama wa mboga alituona.

"Mmetoka wapi, Mama?"

"Ushauri," mama yangu akajibu, kichwa juu. "Mimi na mtoto wangu."

Yule mama akatuangalia mmoja mmoja, akasema pole mara mbili, moja yangu, moja ya mama.

"Acha pole," mama akamwambia. "Nipimie sukuma wiki ya watu wawili. Na usiniwekee ile ya jana."