Mkazo Kwenye Solo ya Mathe

Kwaya ya akina mama wa kanisa letu hapa mtaani Rhonda ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya kwaya mjini Elburgon, na mathe, mama yangu, alikuwa amepewa solo. Wimbo ulikuwa wa Kiingereza. Ulikuwa na neno "magnificent", na hapo ndipo solo ilianza kumponyoka.

Mathe alilitamka vile sisi hutamka maneno yetu, mkazo kwa silabi ya pili kutoka mwisho: mag-ni-fi-SE-nti. Mwalimu wa kwaya, kijana fundi wa pikipiki mwenye sikio kali, akasimamisha wimbo.

"Mama, mzigo umeuweka kwa goti. Uweke kwa bega. Mag-NI-fi-sent."

"Si Mungu anaelewa tu?"

"Mungu si jaji, mama. Jumamosi ikifika bado ni hivyo, solo naipatia huyu jirani yako hapo kando."

Jirani akasafisha koo, mapema.

Shule mimi niliiachia kidato cha pili, lakini nilijitolea kumfundisha. Akilini nilishamwona kwa televisheni, mimi nikiwa meneja wake. Jioni akikanda unga wa chapati, tulikata neno vipande. Kipande chepesi anaugusa unga, chenye mkazo anaupiga kofi. Meza ilitetemeka. Alipolishika, tukaingia ubeti wa pili, wenye "magnify", na huko mkazo umehamia mwanzo: MAG-ni-fai.

"Kwani hawa watu wakibadilisha mkia, kichwa kinahama?"

"Ndiyo hivyo, mathe."

"Sasa mtu atulie wapi?"

Nikamwambia apige kofi.

Jumamosi, kwa mazoezi, aliyatamka yote mawili sawasawa. Lakini sauti ilikuwa imekonda. Aliimba kama mtu anayevuka mto kwa mawe, macho kwa miguu. Nilimwonea huruma. Jirani alikuwa tayari amesimama.

Mwalimu akakuna kichwa. "Rudia, mama. Wachana na maneno. Imba ni kama unaita watoto wako kutoka mwisho wa ploti."

Mathe akafumba macho, akaita. "Magnify" ilikaa sawa. "Magnificent" ikarudi kwetu, mag-ni-fi-SE-nti, na mabati ya kanisa yakavuma. Hakuna aliyecheka.

"Hapo majaji watatukata alama za matamshi," mwalimu akasema. "Wakate. Solo ni yako, mama."

Jirani akaketi polepole, akampisha njia. Mathe akauliza kama anaweza kunywa maji kwanza.