Vyungu vya Hakimu

Mfinyanzi hakuwapenda wanafunzi wake, na hakujisumbua kuficha. Tangu gari la kwanza lilipoegeshwa Ijumaa mchana hadi la mwisho lilipoondoka Jumapili, alikuwa amenuna. Wao walidhani wasanii ndivyo walivyo. Walipigana vikumbo kupiga picha na mama huyo, kakunja uso, aproni imekakamaa kwa udongo, na picha hizo ndizo zilizoleta wengine.

Kambi zenyewe zilikuwa wazo la dada yake. Nyumba waliachiwa na baba yao, vyumba sita na kibanda cha nyuma chenye tanuri, na dada mtu alikuwa na kipaji cha maneno. Akaandika tangazo: siku tatu za udongo, utulivu na kujipata.

"Kujipata?" mfinyanzi aliuliza. "Kwani walipotelea wapi?"

"Wewe finyanga, mdogo wangu. Maneno niachie mimi."

Basi wakaja. Alikuja daktari wa meno aliyeogopa kuharibu kucha. Alikuja meneja aliyeambiwa apunguze presha, akaja na simu tatu, akawa anafinyanga kwa mkono mmoja huku anafokea watu kwa mwingine. Walikuja wachumba wawili waliogombea bakuli moja hadi wakarudi mjini kila mtu na gari lake. Mfinyanzi alipita nyuma yao akirudia yaleyale: bonyeza katikati, katikati nimesema, hapo ni pembeni. Ukimuuliza leo atakwambia hakuna kazi inayochosha kama kumwangalia mtu mzima akichezea udongo huku akisubiri kusifiwa.

Kambi ya kwanza ilikwisha kwa aibu. Watu walifinyanga vitako vinene, ndani mna unyevu, na tanuri lilipopata moto vikaanza kulipuka kimoja baada ya kingine, vikaviua na vya jirani. Dada mtu alilazimika kuwapigia simu watu tisa. Mmoja alilia robo saa nzima kwa ajili ya kijisahani cha kuwekea funguo.

"Sitaki tena kuliliwa hivyo," dada alisema alipoweka simu chini. "Sijui utafanyaje, lakini kila mtu aondoke na kitu cha kuweka mezani."

Mfinyanzi akajua la kufanya. Vyombo vilibaki kibandani vikauke, wenyewe wakavifuata baada ya wiki mbili. Jumatatu asubuhi, udongo ukiwa umeshika lakini bado unakubali kisu, alijifungia mlango, akakirudisha kila chombo kwenye gurudumu, akakikwangua kitako, akakipunguza tumbo, akakinyoosha mdomo. Kile kisichofaa kabisa alikitupa kwenye pipa na kufinyanga kingine mahali pake. Wenyewe waliporudi walishika vifua.

"Siamini kama ni mimi niliyefanya hiki!"

"Ni wewe," alijibu, mkavu wa macho.

Hapo ndipo moyo wake ulipoburudika. Aliwatazama wakivifunga kwa magazeti, wakivibeba kwa mikono miwili, naye akicheka kimoyomoyo. Alifanya hivyo miaka tisa na hakuna hata mmoja aliyeshtuka, na kila ambaye hakushtuka alimpa sababu nyingine ya kumdharau.

Kisha akaja Hakimu.

Alikuwa hakimu kweli, mstaafu wa miezi miwili, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba. Alikuja na daftari jipya, akakaa gurudumu la mbele, na maswali yake yalikuwa ya kortini. Kwa nini kitako kinene kinapasuka? Umejuaje? Ulishuhudia mwenyewe au uliambiwa? Wenzake walikuja mara moja wakatosheka na picha. Yeye kwa miaka mitatu hakukosa kambi hata moja, na mfinyanzi alimchukia kuliko wote, kwa sababu wengine walimchosha siku tatu tu na huyu kila akiondoka alirudi tena.

Na mikono yake, salaale! Ilikuwa mizito. Kila alichogusa kiliinama. Jumatatu mfinyanzi alikitazama chungu cha Hakimu, damu ikamchemka, na kwa hasira akakitengeneza vizuri kuliko vya wengine wote. Kwa hao wengine alirekebisha tu. Kwa Hakimu alimwaga ujuzi wake wote, akutane nao kwenye rafu aone haya. Hakimu hakuona haya. Alishangaa, tena kwa utaratibu.

"Mwalimu, Jumapili nilikiacha kimelala upande. Sasa kimesimama."

"Udongo hujinyoosha ukikauka, mheshimiwa."

Hakimu akafungua daftari, akaandika hayo, akaweka tarehe.

Jambo moja tu mfinyanzi alilichukulia kwa dhati maishani mwake, nalo lilikuwa mitungi yake mwenyewe. Siku zisizo na kambi alifinyanga mitungi mikubwa myeusi, mabega mapana, mdomo umeingia ndani. Kidole chake cha shahada kilibanwa na mlango utotoni kikapona kimepinda, hivyo kila alichofinyanga kilibaki na mfereji mwembamba uliokwenda upogo ndani ya mdomo. Huwezi kuuona, lakini ukiingiza kidole unaukuta. Ukumbi mkubwa wa mji ulifanya maonyesho kila baada ya miaka mitatu, na tangu kambi zianze hakuwahi kupata kazi za kutosha kupeleka. Mwaka huu alikuwa na mitungi kumi na miwili. Alikuwa na miaka hamsini na minane na alijiambia wazi: nisipoingia safari hii nitakufa nikiitwa yule mama wa kambi.

Akapeleka mitatu. Msimamizi wa ukumbi, bwana mmoja mpole mwenye sauti ya hospitali, aliizunguka mara mbili.

"Mama, kazi ni safi. Tatizo ni kwamba tumeshampokea mtu mwenye mkono huuhuu. Nikikuweka na wewe, watu watasema umemwiga."

"Nimemwiga nani?"

Akampeleka chumba cha nyuma. Vyungu vinane, vidogo, vyeusi, mabega mapana, mdomo umeingia ndani, na kibao chenye jina kamili la Hakimu. Mfinyanzi aliingiza kidole kwenye cha kwanza akaukuta mfereji. Akaingiza kwenye cha pili. Akaendelea hadi cha nane.

"Hivi ni vyangu."

"Mama, tafadhali."

"Mwite. Njooni kwangu Alhamisi asubuhi, tukae wote wawili kwenye gurudumu mbele yako. Udongo uleule, muda uleule."

Hakimu alipopigiwa simu alikubali papo hapo. Dada mtu, kinyume chake, alizuia mlango wa kibanda kwa mwili wake.

"Ukilisema hili kambi zimekufa. Watu wa miaka tisa watakuja na vyombo vyao mkononi kutuuliza. Una akili wewe?"

"Dada, nipishe."

Alhamisi wakakaa. Msimamizi alipewa kigoda, dada akaegemea ukuta kafumba mdomo. Mfinyanzi aligawa mabonge mawili kwa mizani, mbele ya wote, asije mtu akasema. Magurudumu yakaanza. Mtungi wake ulipanda bila kelele, bega likatoka, mdomo ukaingia ndani. Hakumtazama Hakimu. Alisubiri asikie, na kweli akasikia udongo ukipigapiga kando, halafu ule mlio wa maji wa kitu kinachokaa chini.

Chungu cha Hakimu kilikuwa kimelala ubavu, mdomo umepasuka, kitako kinene kama tofali. Mfinyanzi alijisikia raha ambayo hakuwa nayo kwa miaka. Mwone sasa, alisema moyoni, mwone.

Lakini Hakimu alifuta mikono bila wasiwasi, akavaa miwani, akamgeukia msimamizi.

"Siku ya kwanza vyangu huwa hivi. Tukiache kikauke. Kitajinyoosha."

Akafungua daftari, akamwonyesha ukurasa. Pale palikuwa na tarehe, na chini yake kambi nyingine na tarehe nyingine, chungu kilivyoachwa na kilivyokutwa, miaka mitatu ya mwandiko wa kortini. Msimamizi alisoma taratibu, kisha akamtazama mfinyanzi.

"Mama, udongo haujinyooshi."

Dada alitoka nje.

"Uliniambia," Hakimu alisema.

"Nilikudanganya, mheshimiwa. Nilivifanya mimi."

"Vile vinane vya ukumbini?"

"Vyote. Na vya wenzako."

Msimamizi aliinuka, akakung'uta suruali. Alisema nafasi ni ya mfinyanzi, vibao vitabadilishwa, alete mitungi yote kumi na miwili, na akaondoka haraka kama mtu aliyeingia chumbani akakuta wenyewe wanavaa. Jambo lilikuwa limekwisha. Alikuwa ameshinda, na alikaa akingoja furaha ije, haikuja.

Hakimu hakuondoka. Alikuwa anafunua daftari nyuma, mbele, nyuma tena.

"Miaka thelathini nimesikiliza waongo," alisema. "Wewe sikukugundua. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nataka sana iwe kweli. Nyumbani nimevipanga juu ya kabati. Wajukuu wangu nimewaambia, mtu hazeeki kujifunza, tazameni."

"Ulikuja kupumzika kama wengine."

"Nani alikwambia?"

Hakuna aliyemwambia mfinyanzi; alijidhania tu.

"Nimekuja kwako mara thelathini na tatu," Hakimu alisema, sasa kwa hasira. "Nimekaa hapa mbele. Nimeuliza kila swali nililoweza kuliuliza. Na wewe, mwizi mkubwa, hujanifundisha hata siku moja."

Neno lilimwingia mfinyanzi hadi kwenye mifupa. Siku zote alijua kuna mtu aliyeibiwa katika jambo lile, na tangu siku ya ukumbini alikuwa na hakika ni yeye mwenyewe. Alifungua kinywa atetee vitako vinene, tanuri, dada yake, yule aliyelia kwenye simu. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa kusemwa.

Hakimu alikunja mikono ya blauzi. Alikibandua kile chungu kilicholala, akakitupa kwenye pipa, akakaa tena kwenye gurudumu.

"Lete bonge lingine. Na mikono yako iweke mgongoni, niione haipo."

Mfinyanzi akaleta. Akasimama pembeni, mikono mgongoni, na bonge likaanza kuyumba palepale kwenye mzunguko wa kwanza. Aliona kosa kabla halijatokea. Kiwiko cha Hakimu kilikuwa hewani, hakijaegemea paja, na katika miaka mitatu ya kumchukia hakuwahi kukitazama.

"Kiwiko," alisema. "Kiegemeze pajani."

Hakimu akakiegemeza. Safari hii udongo haukuyumba sana, lakini ukaanguka vilevile. Akachukua mwingine, nao ukaanguka. Nyuma ya mgongo, mkono mmoja wa mfinyanzi ulikuwa umeushika mwingine kwa nguvu, usiende.