Dirisha la Kushoto Juu ya Mpumudde

Mwezi wa tatu tulimzika mume wangu. Mwezi wa sita nikamwona nikiwa ndani ya ndege, anaosha lori.

Mwaka ulikuwa 1976. Mimi Akeyo, Mkenya, nilikuwa nawapikia maofisa wa jeshi kwenye kambi ya Kimaka, Jinja.

Omollo wangu alikamatwa na wanajeshi barabarani, yeye na lori lake. Siku zile mtu akichukuliwa, unaulizia wapi? Nyumbani wazee wakazika tunda la yago badala ya mwili, ndiyo desturi yetu Wajaluo. Nikanyoa nywele.

Halafu wanawake wa Mpumudde, mtaa jirani na kambi, wakaninong'oneza: lori limefichwa mtaani kwao, kwa Afande, nyuma ya ukuta mrefu.

Afande huyo huyo niliyekuwa nampikia! Anakula mbuzi, analamba vidole, halafu anavipangusa kwenye kanga yangu. Ptuu! Nilivumilia ule uchafu kwa sababu moja tu: nijue kama ndiye aliyeniulia mume.

Siku moja akasema, "Akeyo, kesho tunaenda Mbale na ndege. Iko sherehe, utapika."

Nikamfuata rubani, Wanyama. "Bwana, dirisha gani linaonyesha vizuri?"

"Kaa kulia, utaona Mlima Elgon wote."

"Na Mpumudde?"

Akanitazama kidogo. "Kushoto. Tukiruka tu, tunapita juu ya mapaa."

Asubuhi Sofia, hawara wa Afande, akakimbilia kulia. "Mshamba huyo, ataangalia matope!" Afande akakaa mbele na rubani, ananuka waragi ya jana, akanitupia kofia yake niishike.

Tukaruka. Nikabandika uso kwenye kioo.

Lori lile pale! Turubai nililishona mwenyewe kwa magunia ya sukari. Na kando yake Omollo analiosha, kifua wazi, kitambi kimetoka. Akaiona ndege, akapunga mkono anacheka.

Nikajikaza. "Afande, yule nani?"

"Aa, hiyo dereva yangu ya magendo. Tulikamata yeye, yeye mwenyewe akaomba kazi. Mimi nauliza, bibi yako hatasumbua? Akasema bibi alikufa, alizika yeye Kisumu."

"Maskini," Sofia akadakia. "Ndiyo maana nikampa binamu yangu, amtunze kama mume."

Haki ya Mungu! Nikatapika yote ndani ya kofia ya Afande. Alitukana mpaka Mbale, akidhani ni woga wa ndege.

Kufika, nikatumwa sokoni kununua vitunguu. Nikapitiliza. Nikavuka mpaka pale Lwakhakha kwa miguu, nikarudi kwetu.

Mwaka 1979 vita vikamfukuza Afande. Wiki chache baadaye, hodi mlangoni. Omollo, amekonda, ananuka jasho.

"Mama watoto, nifungulie. Nimeteseka gerezani."

"Unamtafuta nani?"

"Mke wangu, Akeyo."

"Huyo si ulimzika Kisumu? Nenda kamwamshe."

Nikafunga komeo, nikaendelea kumenya viazi.

Dada zangu, mlilieni mtu mkishaona maiti yake. Wengine hawajafa, wamenenepa tu kwingine.