Kipande cha Nguzo Juu ya Paa

Bibi mzee ninayemhudumia nyumbani kwake kule Lidcombe, huku ughaibuni, ni Mturuki. Alinizoesha kumwita teyze, yaani mama mdogo, na kila nikimaliza kumwogesha lazima tunywe chai, nitake nisitake. Chai yenyewe ni kisingizio tu. Anachotaka ni kunipeleka kwao, mji mdogo huko milimani Uturuki, ambako hajakanyaga tangu aje huku kufanya kazi viwandani akiwa msichana.

Historia ya mji ule anaisimulia kwa jiwe moja. Nyumba yao ilikuwa na paa bapa la udongo, na mvua ikinyesha baba yake alipanda juu kulivingirisha jiwe la mviringo huku na huku, udongo ushikane, usivuje. Jiwe hilo lilikuwa kipande cha nguzo. Warumi waliichonga kwa ajili ya hekalu lao, wakalijenga juu ya mawe ya watu wa kale zaidi. Wakristo wakaligeuza hekalu kuwa kanisa. Walipokuja Waturuki, kanisa likabomoka na nguzo zikagawanywa: nyingine msikitini, nyingine kisimani, kipande kimoja juu ya paa la kina teyze. Akifika kwenye habari za Wakristo wa mwisho, walioondoka zamani za bibi yake, hupunguza sauti na kukoroga chai isiyo na sukari.

Mimi nilikuwa namwonea wivu, tena wivu mbaya. Nilizaliwa kambini Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa Burundi, na kambi yenyewe ilishafungwa, nyumba zikavunjwa. Nikiulizwa kwetu ni wapi, nataja nchi ambamo sijawahi kulala.

"Na kwenu je?" teyze aliniuliza asubuhi moja, kwa Kiingereza chake cha kiwandani.

"Kwetu hakuna historia," nikamjibu kwa ukali kidogo. "Palikuwa pori. Wakatuweka, wakatutoa."

"Kabla yenu aliishi nani?"

Nikaenda kuosha vikombe.

Jumapili, baada ya ibada, nilipanda treni hadi Campbelltown kwa mama. Nikamuuliza swali lilelile, nikitegemea atanicheka.

"Watu walikuwepo," alisema, huku akichambua maharage. "Mimba yako ikiwa changa, tulichimba udongo wa matofali, tukakuta jiwe la kusagia, limelika katikati. Si la wakimbizi lile, lilikuwa chini sana. Unga wa uji wako nilisagia hapo."

"Liko wapi sasa, mama?"

"Nililiacha mlangoni. Ningelipandishaje ndege?"

Nililia palepale jikoni, na mama akaendelea kuchambua maharage.

Nilipokwenda tena Lidcombe, nilimweleza teyze kabla hata ya kumwogesha, maji yakipoa bafuni.

"Kabla yetu alikuwepo mwanamke," nikasema. "Alikuwa anasaga."

Teyze akavuta kiti, akaketi na taulo lake begani.

"Haya," akasema. "Anza na huyo."