Mama Alipimwa Amelala

Fundi cherehani mmoja hakuwahi kuvaa kitu kilichoshonwa na mtu mwingine. Shati la dukani alilitazama kama unavyomtazama jamaa aliyekuja msibani akaulizia chakula kwanza. Hata kofia alijishonea. Watu walimwita Futi, kwa sababu ya utepe wa kupimia uliomning'inia shingoni toka asubuhi, na mkewe alikuwa akisema kwamba siku ya harusi ilibidi amvue ule utepe kwanza ndipo amwone bwana harusi.

Kwa hiyo alipopata kiwanja, mwisho wa barabara ya vumbi, nyuma ya ghala la mbao, hakutaka kusikia habari ya ramani ya kuazima.

"Nyumba za siku hizi ni mitumba," alimwambia fundi mwashi. "Unaivaa, lakini kila mtu anajua haikukatwa kwa ajili yako."

Mwashi, mtu mnene aliyekwisha kujenga nusu ya mtaa kwa ramani moja ileile, aliguna tu. Wateja wenye mawazo aliwazoea. Mawazo huwa yanapungua kadiri mifuko ya saruji inavyofunguliwa.

Ya Futi hayakupungua. Alimpima mkewe jikoni, kutoka kiwiko hadi chini, ili meza ya kukatia mboga isimvunje mgongo. Akajipima mwenyewe akiwa amechuchumaa, akampa mwashi kipimo cha choo kwa uso mkavu, kama anayekabidhi siri ya serikali. Kisha ikafika zamu ya mama yake.

Mama alikuwa akiishi nao kwenye nyumba ya kupanga. Umbo dogo, ulimi mkubwa, na magoti yaliyomsaliti zamani. Alitembea kwa kuburuta kandambili, shwaa, shwaa, na sauti hiyo ilitangulia mbele yake kama king'ora, hivyo waliokuwa wakimsema walipata nafasi ya kuhamia habari za hali ya hewa. Kila adhuhuri alijiburuta hadi jikoni kuonja chumvi, maana aliamini mkwewe ana mkono mzito na nia nyepesi.

Futi alimpangia chumba cha kifalme. Mlango usio na kizingiti, swichi usawa wa kiuno, dirisha la chini. Na kitanda cha saruji kilichoshikana na ukuta, kwa kuwa cha mbao kililia kila alipogeuka, na mama alisema kinamsengenya.

Hapo ndipo Futi alipofanya kosa ambalo seremala asingelifanya, na mwashi asingelifanya. Linamtaka fundi cherehani, tena hodari. Alimkuta mama amejinyoosha mkekani baada ya kula, akachutama, akaupitisha utepe kutoka utosini hadi kisiginoni, halafu bega kwa bega.

Mama akafumbua jicho moja. "Unafanya nini, baba?"

"Nakupima kitanda, mama."

"Mwanangu, mtu hupimwa amesimama. Ukimpima amelala, nguo yake haina mifuko."

Walicheka wote. Mkewe alicheka hadi akaushika mlango, na mama ndiye aliyecheka mwisho, akikohoa katikati.

Kikohozi kile kilikuja kama mgeni wa siku moja, kikaona pazuri. Kitanda cha saruji kilikuwa bado kibichi pale mama alipokata roho. Daktari alisema ni moyo, na umri, na kwamba hakuna aliyekosea kitu. Lakini daktari hakuwepo makaburini. Wachimbaji walipouliza urefu wa marehemu, wazee wakawa wanakisia kwa mikono, huyu hapa, yule pale, na Futi, bila kufikiri, akautaja. Akautaja na upana. Ulimtoka kama anavyowatajia wateja wake urefu wa suruali, na majembe yakasimama.

Mkewe ndiye aliyejaribu kumtetea. Aliwasimulia wanawake ule utani wa mama, ili waone kwamba marehemu mwenyewe alicheka. Bahati mbaya, utani ukipelekwa msibani hurudi umevaa sanda. Kabla jua halijashuka, dada mkubwa wa Futi alimjia mbele ya watu, akamkazia macho.

"Mdogo wangu," alisema, "ulimpima mama kaburi, ukaliita kitanda."

  

Walihamia, kwa sababu nyumba ikiisha huhamiwa, hata kama roho imebaki nyuma. Iliwakaa. Meza ilimkaa mkewe, na choo, tuseme ukweli, kilikuwa cha kujivunia. Chumba cha mama kilifungwa mlango. Kitanda kilibaki humo, kirefu, cheupe, bila godoro, na yeyote aliyechungulia alirudisha kichwa upesi.

Kisha, adhuhuri moja, mke alikuwa akikata vitunguu, kisu kikamsimama mkononi. Shwaa. Shwaa. Kutoka chumbani, ukumbini, hadi nyuma ya mgongo wake. Halafu kimya cha mtu anayeinama juu ya sufuria.

Futi alipoambiwa, alisema ni mabati yanatanuka kwa jua.

"Mabati hayavai kandambili," mkewe akamjibu.

Adhuhuri iliyofuata Futi akasikia mwenyewe, nywele zikamsimama hadi zile za masikioni. Tangu hapo akawa anafunga duka mapema, akimwambia kila mtu kwamba anakwenda kumlinda mke. Uongo mtupu. Alikuwa akikaa kwenye kigoda ukumbini, akingoja mburuto upite mbele ya magoti yake, ili amuulize mama jambo moja tu: ni mimi? Kila ulipopita, aliuacha upite. Lilikuwa swali fupi kuliko yote aliyowahi kuyashika, na halikutoka.

Mkewe hakuwa na swali. Alikonda. Aliacha kabisa kutia chumvi, wakawa wanakula chakula cha wagonjwa. Mwishowe akasimama mlangoni na kanga begani.

"Kitanda kile kivunjwe, au mimi narudi nyumba ya kupanga. Kule walitusumbua walio hai tu."

Futi aliomba siku, akaomba nyingine. Alipoona mke anakunja nguo, akamwita mwashi.

Mwashi alikuja na nyundo kubwa ya kuvunjia, lakini hakuingia chumbani mpaka Futi ametangulia. Alilalamika kwamba nondo za humo alizifunga mwenyewe, na kuvunja kazi yako ni kama kumpiga mtoto wako mwenyewe. Halafu akainua, akashusha upande wa kichwani. Bonge la saruji likadondoka, vumbi likajaa.

"Acha," Futi akasema.

Mwashi akaacha. Ilikuwa adhuhuri. Wakatega sikio, wao wawili ndani, mke mlangoni na ncha ya kanga mdomoni. Vumbi likatua. Ukumbi ukabaki ukumbi.

"Ameondoka," mwashi akanong'ona, kisha akajikohoza na kurudisha sauti ya kiume. "Pigo moja tu. Mimi nikivunja, navunja."

Kweli aliondoka. Siku zikapita, adhuhuri zikawa adhuhuri kama za watu wote. Mke akanenepa, akatia chumvi kwa fujo, akaimba. Futi aliendelea kufunga duka mapema na kukaa kwenye kigoda, na sasa hakuwa na hata uongo wa kumwambia mtu. Alitazama chini, pale mburuto ulipokuwa ukipita. Alikuwa ameogopa kuuliza, na sasa hapakuwa na wa kuulizwa. Kushona kwake kukaharibika. Mteja mmoja alirudisha suruali yenye mguu mfupi, jambo ambalo halikuwahi kusikika.

Siku moja aliingia chumbani, akavuta mfuko wa vitu vya marehemu uliosukumwa kwenye kona, akatoa kandambili. Akazivaa. Visigino vilining'inia nje. Akatoka akiburuta miguu, polepole, shwaa, shwaa, akaupita ukumbi, hata yeye hajui kwa nini, labda kuisikia tu sauti.

Jikoni wimbo ulikatika. Mkewe hakugeuka. Mgongo wake ulikauka, kisu kikalala juu ya meza.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "usimchukie. Alikuwa anakupima kitanda tu. Nilikuwepo."

Futi akasimama pale pale nyuma yake, pumzi ameibana, akingoja naye kusikia mama atajibu nini.