Kichocho Nilichokipata Kwenye Maji ya Ubatizo

Wapendwa wa Bunda, ninyi mlioniombea kisha mkanitafutia gari la hospitali, shikamooni. Ninyi mlioniombea tu mkaenda zenu kula pilau, hamjambo. Leo nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe, na nitasema yote. Anayeona aibu aangalie dirishani.

Naitwa Mumbua. Ni Mkamba wa Kitui, Kenya. Kanisa letu lilinituma huku Mara nikiwa bado binti, nihudumu kama mmisionari kule Bukima, kando ya ziwa. Kwetu maji tunayachimba kwenye mchanga wa mto mkavu. Ziwa nililiona mara ya kwanza siku ile niliyofika, nikalia kwa furaha. Maji yote yale, na hakuna anayeyapangia foleni! Hakuna aliyeniambia kwamba maji nayo yana mambo yake.

Nilikaa kwa Mama Nyangeta, mjane anayeuza dagaa. Asubuhi tulisali, tukanywa uji, tukageuza dagaa kwenye mawe, kisha nikapanda baiskeli kwenda kutembelea wagonjwa na kusoma nao Neno. Jioni nilifundisha darasa la ubatizo. Wengi walikuwa wasichana, wachangamfu, wenye maswali mpaka unachoka. Niliwapenda. Na nilikuwaga na afya jamani! Ugali wa muhogo kwa furu, vile visamaki vidogo vya ziwani, niliufuta mpaka Mama Nyangeta akaniuliza, "We mmisionari, umetumwa kuhubiri au kumaliza unga?"

Sasa nije kwa Mchungaji Kiongozi. Jina lake silitaji, analitaja mwenyewe vya kutosha. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wetu, anakaa Musoma mjini. Kijijini alikuja siku za ubatizo tu, na spika, na maiki, na mpiga picha. Mahali pa kubatizia alipachagua yeye: kijighuba nyuma ya matete, maji yametulia tuli, ng'ombe wananywa humo, watoto wanajisaidia humo. Upande wa mawe, kwenye mawimbi, hakupataka. "Kule spika zitalowa," alisema. "Hapa picha inatoka vizuri."

Na mjue alivyokuwa anabatiza. Yeye anasimama kwenye nyasi, viatu vinang'aa, anasema kwenye maiki, "Nakubatiza kwa jina la Baba." Mimi ndiye niko majini mpaka kiunoni, nashika watu, nawazamisha, nawainua. Toka asubuhi mpaka jua la utosi. Ubatizo wa spika! Mimi nilikuwa mgeni, nikadhani labda ndivyo Tanzania wanavyofanyaga. Hawafanyagi. Ni yeye tu.

Baada ya ubatizo mmoja miguu ikaniwasha usiku kucha, vipele vidogo vidogo mpaka mapajani. Nikapaka mafuta, nikasahau. Wiki chache mbele homa ikaja, na kikohozi kikavu, na mwili ukatoka mabaka. Zahanati wakapima malaria, hamna. Kisha tumbo. Enhe, mmekuja kusikia ushuhuda, basi sikieni: nilikuwa naharisha damu. Nakwenda chooni nashika ukuta, natoka nashika ukuta. Nilikonda mashavu yakaisha, lakini tumbo likavimba. Wasichana wangu walikuja kunisalimia, wakitoka nje nikawasikia wanalia.

Mchungaji Kiongozi akaja kuniona. Hakukaa. Akasema, "Hii ni vita ya kiroho, dada. Adui anakupiga kwa sababu ya kazi unayofanya majini."

Nikamwambia, "Mchungaji, naomba nipelekwe hospitali ya Musoma."

Akashusha sauti. "Wale wanaotutegemeza wakisikia mmisionari ameugua kwa sababu ya ubatizo, watatuelewaje? Maji yale nimeyaombea mimi. Hayawezi kudhuru mtu."

Ndugu zangu, mtu mzima, na akili zake, alisema hivyo. Na badala ya hospitali akanipeleka Butiama, kwenye kambi ya maombi. Kufunga! Mtu anayeharisha damu anaambiwa afunge! Akaniweka kwenye kiti mbele ya watu, akashika maiki yake, akatangaza kwamba binti huyu ameshapona, bado tu mwili haujapata taarifa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naona spika mbili mbili. Nikaomba moyoni, nikasema, Bwana, kama unanichukua nichukue, lakini usiniache nife mbele ya mpiga picha wa huyu mtu. Nikaanguka.

Mama Nyangeta alikuwa amepata habari zangu, akafunga safari toka Bukima. Nilipofumbua macho nikamwona amesimama na kanga yake inayonuka dagaa. Sijawahi kusikia harufu nzuri kama ile.

"Mchungaji, huyu mtoto anakufa."

"Mama, usilete imani haba hapa."

"Imani ninayo. Gari ndo sina. La kwako liko pale, linafanya nini?"

Eti gari limebeba vyombo vya muziki. Ndipo nyie wa Bunda mliokuwa kambini mkainuka, mkatafuta gari, mkanilaza kwenye kiti cha nyuma kichwa changu kwenye mapaja ya Mama Nyangeta. Mungu awakumbuke.

Musoma nilipokelewa na daktari mwanamke, mkali kidogo, asiye na maneno mengi. Akapima damu, akapima choo, akapitisha kipimo tumboni akaona ini na bandama vimevimba. Akaniuliza, "Unaingiaga ziwani?"

"Ndiyo, nasaidia kubatiza."

"Sehemu gani?"

"Kwenye matete."

Akatikisa kichwa. "Una kichocho cha tumbo. Konokono wadogo wanakaa kwenye majani ya maji yaliyotulia. Ndani yao vinatoka vijidudu, vinapenya ngozi yako umesimama tu. Wewe ni mgeni, mwili haujavizoea, ndiyo maana umeumia hivi. Ungechelewa kidogo, tungekusafirisha kwenu ndani ya sanduku."

Nikaongezewa damu. Nikapimwa kimo na uzito, nikapewa vidonge vikubwa, vichungu kama shubiri. Nilitapika, nikalia, nikatamani nyumbani. Damu ikakoma. Homa ikashuka. Siku niliyoomba ugali mwenyewe, Mama Nyangeta alipiga vigelegele wodini mpaka nesi akamtoa nje. Mlinichukua hapa Bunda mkanilea, mkanipa maziwa mpaka mashavu yakarudi. Baadaye nikarudia vidonge kama daktari alivyoagiza, nikapimwa, nikakutwa safi.

Nyumbani Kitui wakasema rudi. Nikakataa. Wasichana wangu walikuwa hawajabatizwa, na siku yao ilikuwa imeshapangwa, palepale kwenye matete. Nilimweleza Mchungaji Kiongozi maneno ya daktari. Akanijibu, "Daktari ana vipimo, sisi tuna upako."

Siku ikafika. Spika zimefungwa, wasichana wamevaa nguo nyeupe, wamepanga mstari kando ya maji. Mchungaji Kiongozi kwenye nyasi, viatu kama kawaida. Nikamwendea, nikamnyang'anya maiki mkononi kabla hajajua. Nikasema, watu wote wanasikia, "Mchungaji, leo maiki nitashika mimi. Wewe ingia majini, uwabatize."

Hata mpiga picha aliacha kupiga.

Mama Nyangeta akasema, "Vua viatu baba, tukushikie. Si maji umeyaombea?"

Akayaangalia maji. Akayaangalia, ndugu zangu, kama mtu anayeangalia nyoka. Kisha akasema mguu unamsumbua tangu juzi.

Msichana wa kwanza kwenye mstari akarudi nyuma. Wa pili akamfuata. Wote wakapanda kutoka ukingoni, mmoja mmoja, wakampita pale aliposimama, hakuna aliyemwangalia. Tukaenda nyuma ya kanisa, tukakata simtanki kuukuu, lile tangi la plastiki la maji, tukajaza maji ya kisima. Mzee wa kanisa akawabatiza humo, nami nikawashika, maji masafi, mpaka wa mwisho. Picha hazikupigwa. Waliokoka vilevile.

Kwa hiyo namshukuru Mungu, ambaye hakuona aibu kuniponya kwa vidonge. Nawashukuru ninyi wa gari. Nanyi mnaokaa ziwani, chimbeni vyoo, kapimwe, na dawa ya kichocho ikiletwa shuleni watoto waimeze. Na mtu akikuambia ingia majini kwa imani, usibishane naye. Mwangalie miguuni kwanza, kama amevua viatu.